Mita ishirini za kwanza: jibu kwa mchezaji aliyezidiwa na msitu

Swali: "Nina mwaka mmoja na miezi michache katika gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski hadi iingie kapuni kwa mirusho michache iwezekanavyo. Uwanja niliojifunzia ni wa wazi, nyasi tupu na miti ya kuhesabika, na pale mashimo 18, yaani njia 18 zenye kapu mwishoni, namaliza nikiwa kwenye pa (idadi ya mirusho iliyopangwa) au mirusho miwili juu. Juzi rafiki alinipeleka uwanja wa msituni. Nilimaliza nikiwa 19 juu, nikapoteza diski mbili, na sehemu kubwa ya mchana ilipita nimeinama vichakani. Mkono wangu unafika mita 100 kwa draiva, diski ya kurushia mbali. Tatizo ni bahati, ni diski zangu, au ni mimi? Mwezi ujao kuna mashindano pale pale. Niingie na diski zipi?"

Bahati iweke kando kwanza. Mti mmoja ukikurudishia diski miguuni, hiyo ni bahati mbaya. Miti kumi na mitano kwa siku moja inakuambia kitu. Na inachokuambia si kibaya kama unavyodhani, maana nikisoma barua yako sioni mkono mbovu. Naona mtu aliyeingia msituni na swali la uwanja wa wazi. Kule kwenu swali ni moja: kapu liko umbali gani? Msituni unaanza na jingine: mita ishirini mbele yangu kuna mwanya gani, na diski yangu itaupitaje? Kapu halina haraka. Mara nyingi ukiwa kwenye tii, mahali pa kurushia mrusho wa kwanza, hata hulioni.

Hiyo mita 100 ni mali, lakini msituni ni noti kubwa asubuhi na mapema, hakuna mwenye chenji yake. Diski ili iende mbali inataka kimo: ipande, ielee, ndipo ishuke. Matawi yakiwa mita nne juu ya ardhi, kimo hakipo, na mita 100 imeondoka nacho. Kinachobaki ni mrusho wa chini wa mita 60 au 70, na hapo mwenzako ambaye hajawahi kufika hata mita 80 anaweza kukupita bila jasho, kwa sababu yeye amezoea kurusha kwa nguvu robo tatu na wewe hujazoea.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mimi mwenyewe. Diski ikitoka mkononi imepotoka digrii moja tu kutoka ulikolenga, ikifika mita 20 iko kando kwa sentimita 35 hivi. Sasa chukua mwanya wa mita tatu kati ya vigogo viwili, mita 20 kutoka tii. Ukilenga katikati kabisa una mita moja na nusu kila upande. Toa nusu ya upana wa diski, kama sentimita 10, unabaki na nafasi ya kukosea digrii nne tu kushoto na nne kulia. Kosa hilo hilo la digrii nne kwenye uwanja wenu, kwa mrusho wa mita 100, linakupeleka mita saba kando ya kapu. Unatembea, unaokota diski, unatumbukiza, unaandika alama nzuri na kuondoka ukijiona hodari. Kosa umelibeba mwaka mzima bila kulijua, kwa kuwa nyasi hazisemi. Miti inasema.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jipime. Chomeka vijiti viwili umbali wa mita tatu, simama mita 20 nyuma, rusha diski ishirini kwa nguvu unayotumia mchezoni. Hesabu zilizopita katikati. Kisha rudia kwa nguvu robo tatu, bila kukimbia, miguu imesimama. Ninaowafundisha wengi hushtuka kwa tofauti, na mshtuko huo ni mwalimu kuliko mimi. Usichague mwanya kwa kuuangalia ulivyo. Uchague kwa kujua unaupita mara ngapi katika kumi.

Utawasikia wachezaji wakisema mti ni hewa tupu kwa asilimia 90, kwa hiyo rusha tu, itapita. Ni maneno ya kufarijiana. Msitu hauna safu moja ya miti. Tuseme kila safu unaipita mara nane katika kumi, kiwango kizuri kwa yeyote. Safu tatu mfululizo: 0.8 mara 0.8 mara 0.8, unapata kama nusu. Safu nne, umeshuka chini ya nusu. Ndiyo maana shimo linaloonekana jepesi kwenye ramani linakula watu. Na ndiyo maana mrusho unaopita safu mbili za kwanza na kutua kwenye uwazi, ukiwa na njia safi mbele, mara nyingi unashinda mrusho unaotaka safu zote nne kwa mkupuo mmoja.

Mti wa karibu ndio mbaya kuliko yote. Ukigonga kigogo kilicho mita 50 mbele, umeshasafiri mita 50. Ukigonga cha mita 8, umetumia mrusho mzima kusogea hatua chache, na pengine umeangukia pembeni pabaya zaidi ya tii. Nikisimama kwenye tii, nusu ya akili yangu iko kwenye vigogo viwili au vitatu vya mwanzo. Tembeatembea kwenye tii kabla ya kurusha. Sheria inataka mguu wako uwe ndani ya eneo la tii unapoachia diski, lakini haikulazimishi kusimama katikati. Hatua moja kushoto inaweza kuufungua mwanya ambao ukiwa katikati ulionekana umefungwa. Pasipo na sakafu ya tii, una mita tatu nyuma ya mstari wa kurushia. Zitumie.

Sasa diski. Najua ndilo swali ulilotaka nianze nalo.

Wewe unatumia mkono wa kulia, nadhani, na unarusha kwa bekihendi, yaani mkono unaanzia upande wa pili wa kifua na kufunguka. Diski yako ukiitazama kutoka juu inazunguka kama mshale wa saa. Ikiwa na kasi kubwa, hewa huibeba zaidi sehemu ya nyuma, na kwa kuwa inazunguka, msukumo huo haushushi pua ya diski bali unailaza kulia. Kasi ikipungua, hewa huibeba mbele, na diski inalala kushoto. Ndiyo sababu kila diski ina tabia mbili: ya ujana na ya uzee. Zile namba nne ambazo watengenezaji wengi wanaziandika juu yake zinaeleza hayo hayo: kasi, kuelea, kiasi cha kugeuka ikiwa na mbio, na kiasi cha kukunja mwishoni. Diski ambayo haitaki kugeuka na inakunja kwa nguvu mwishoni mimi naiita kaidi. Inayogeuka kwa urahisi naiita legevu.

Namba ya kasi ndiyo iliyokuponza. Diski za kumalizia zina kasi ya 2 au 3, za kati 4 au 5, na draiva za mbali zinafika 12, 13 na zaidi. Namba hiyo haisemi diski itakwenda mbio kiasi gani. Inasema itataka irushwe kwa mbio gani ili itii zile namba nyingine. Draiva ya kasi 12 ukiirusha kwa mkono wa robo tatu inajiona imezeeka tangu inatoka mkononi, inakunja kushoto mapema, na kushoto kuna mti. Ukiirusha kwa nguvu zote ili itii, umerudi kwenye tatizo la digrii. Diski ya kumalizia au ya kati inatii kwa kasi ndogo, inakaa kwenye mstari kwa muda mrefu, na ikigonga mti haina mbio ya kuruka mbali. Kwa mashimo mengi ya msituni ya hadi mita 75, kwa mkono kama wako, sioni sababu ya draiva kutoka mfukoni.

Neno kuhusu uchakavu wa diski. Miti inazichakaza. Kila kigogo kinaiacha na kovu kwenye ukingo, na diski iliyopigwa sana inazidi kuwa legevu. Hilo si hasara tupu. Nina diski ya kati niliyoichezea miaka mingi hadi imekuwa na makunyanzi, na kwa njia ndefu nyembamba inayopinda kulia taratibu sina nyingine ninayoiamini kuliko hiyo. Lakini lazima ujue ipi imefika wapi. Tatizo ni ile unayodhani ingali kaidi kumbe ilishalegea tangu msimu uliopita.

Na pembe. Ukiiachia diski ukingo wa nje ukiwa umeinama chini, hiyo ni haiza: itakwenda ikikunja kushoto. Ukiinua ukingo wa nje, ni anihaiza: itaanza kulia. Uwanja wa wazi unakufundisha haiza kubwa inayozunguka angani kama upinde, kwa sababu nafasi ipo. Msituni upinde huo unataka upana ambao hakuna aliyeukata. Mrusho wenye kazi zaidi msituni ni ule ulionyooka, wa chini, unaokufa ukiwa umenyooka. Hauna sifa, hakuna anayeupiga picha, lakini ukiwa nao umeshamaliza nusu ya uwanja. Mazoezi yake ni diski ya kumalizia, mita 50, urefu wa kifua, kila siku unayoweza.

Nusu ya pili ni fohendi. Mkono uko upande ule ule wa bega lake, kiwiko karibu na mwili, kazi kubwa inafanywa na kifundo cha mkono. Diski inazunguka kinyume, kwa hiyo inamalizia kulia. Huhitaji fohendi ya mita 90. Ya mita 45 yenye adabu inatosha, kwa maana njia ikipinda kulia huna haja tena ya kuibembeleza diski legevu kwa bekihendi, na ukiwa umebanwa na mti upande wa kushoto wa mwili unaweza bado kurusha. Mirusho ya kupitishia juu ya kichwa na ile ya kubingirisha diski ardhini kama gurudumu ina siku yake, ila mwezi mmoja haukutoshi kujifunza kila kitu. Iache.

Nije kwenye mahali ulikopotezea mirusho mingi, nina hakika, ingawa hukuandika: baada ya kugonga mti. Niliwahi kuingia mashindano nikiwa na umri wa mchezo kama wako. Shimo la pa tatu, mrusho wa kwanza ukaingia kichakani kulia. Kati yangu na kapu kulikuwa na mwanya wa ukubwa wa mlango wa banda la kuku. Niliuona, basi nikauamini. Diski ikagonga, ikarudi nyuma yangu. Nikarusha tena kwa hasira, ikazama zaidi. Mara ya tatu ikatulia nyuma ya kigogo ambacho hata kusimama nyuma yake ilikuwa kazi. Nilitoka na nane. Mwenzangu tuliyekuwa kundi moja aliangukia kichaka kile kile, akageuka ubavu, akairusha mita 12 tu hadi katikati ya njia, akasogeza kapuni, akatumbukiza: nne. Alinipita mirusho minne kwenye shimo moja kwa kufanya jambo lisilopendeza macho.

Kipimo ninachotumia tangu siku ile ni hiki: mwanya wa kujiokoa nauchagua tu kama naupita mara saba katika kumi, na kama nikiukosa sitakuwa mahali pabaya kuliko nilipo. Sharti la pili ndilo watu hulisahau. La sivyo, narudi njiani kwa njia fupi, hata kama ni kurudi nyuma. Kumaliza na pa na moja si aibu msituni. Waliomaliza mbele yako pale msituni, ukiangalia kadi zao za alama, huenda hutakuta maajabu. Utakuta tatu na nne zimejaa, na hakuna saba.

Sheria chache zitakuokoa mirusho kadhaa, na nyingine zitakuepusha na ugomvi. Diski ikitua, unaiweka alama, na unaporusha lazima mguu au sehemu nyingine ya mwili inayokubeba iguse kile kipande cha nyuma yake chenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30. Goti linahesabika, kwa hiyo jifunze kurusha umepiga goti, maana matawi ya chini yatakulazimisha. Tawi lililo hai kwenye mti huruhusiwi kulivunja wala kulikunja ili upate nafasi. Chagua msimamo unaolisogeza kidogo kuliko wote. Majani makavu na vijiti vilivyokwisha kukatika, vikiwa mahali unaposimama au nyuma yake, unaweza kuviondoa. Vilivyo mbele yako, kati ya diski na kapu, viache. Kama kitu kikubwa kigumu, tuseme kigogo, kimekaa hasa pale unapotakiwa kukanyaga, unaruhusiwa kuweka alama mpya nyuma yake moja kwa moja, kwenye mstari wa kapu. Na kama umezama mahali pasipochezeka, una haki ya kurudi nyuma kwenye mstari huo huo kwa adhabu ya mrusho mmoja. Wengi hawaitumii kwa sababu neno adhabu linauma. Nimeshaona mirusho minne ikiteketea ili kuokoa huo mmoja.

Diski ikining'inia mtini, alama inawekwa ardhini chini yake bila adhabu, isipokuwa waandaaji wametangaza kanuni ya mita mbili: hapo ikiwa juu ya kimo hicho unaongezewa mrusho mmoja. Uliza kabla ya kuanza. Uliza pia kuhusu miti yenye mishale, ile inayokulazimisha upite upande fulani, kwa maana kuipita upande usiotakiwa nako kunaadhibiwa mrusho mmoja.

Diski iliyopotea ina dakika tatu za kutafutwa. Zikiisha, unarudi ulikorushia na mrusho wa adhabu juu. Kwa hiyo kutafuta ni sehemu ya mchezo na kunaanzia kwenye tii. Diski ikigonga, usigeuke kulaani. Itazame mpaka isimame, na ukishindwa kuiona, sikiliza. Chagua mti mmoja wenye alama, wenye kovu au uliopinda, na utembee kuuelekea bila kuondoa macho. Kwenye shimo lenye kona, mmoja wenu atangulie akae mahali salama aone diski zinakoangukia. Rangi nazo zina maana: kijani kinamezwa na nyasi, manjano na kahawia vinamezwa na majani makavu, na pinki au samawati mpauko vinakupigia kelele vyenyewe. Andika jina na namba ya simu chini ya diski. Na jambo moja la usalama: usisimame mbele ya anayerusha hata kama uko pembeni. Kigogo kinairudisha diski kwa pembe ambayo hakuna anayeitabiri.

Karibu na kapu, msitu unakuwa mwema kidogo. Upepo huko chini umetulia kuliko kwenye uwanda, na mlengo wako wa kawaida unafanya kazi. Kinachobadilika ni miguu. Utajikuta mara kwa mara una mti mbele ya mkono wako wa kurushia, hivyo jizoeze kusimama umetanua miguu upana wa mabega na zaidi, na kurushia pembeni mwa mwili. Kumbuka ndani ya mita 10 kutoka kapuni huruhusiwi kusonga mbele ya alama mpaka uonyeshe umetulia, na kwenye mizizi na mteremko kutulia si jambo la bure. Kagua unapokanyaga kabla ya kulitazama kapu.

Inanichekesha kila nikifikiria kwamba mchezo huu ulianzia kwenye miti. Kabla Ed Headrick hajabuni kapu lenye minyororo katika miaka ya 1970, watu walilenga vigogo na nguzo, na kugonga mti ndiyo ilikuwa furaha yenyewe. Uwanja wa kwanza wa kudumu uliopangwa naye, wa Oak Grove kule California mwaka 1975, ulikuwa katikati ya mialoni.

Sasa mfuko wa mwezi ujao. Diski saba zinatosha. Mbili za kumalizia zinazofanana kabisa, moja ya kutumbukizia na moja ya kurushia kutoka tii, ili ile ya kutumbukizia isipate makovu. Tatu za kati: moja kaidi, moja ya kunyooka, moja iliyochakaa. Draiva moja ya kasi ya 7 hivi, kaidi kiasi, ambayo utaitumia pia kwa fohendi. Ya saba ni draiva yako ya mita 100, kwa yale mashimo mawili matatu ambako msitu unafunguka. Usiibebe kwa ajili ya mashimo mengine hata ukishawishika.

Nenda pale mara mbili kabla ya siku yenyewe, na safari ya kwanza usihesabu alama. Kila tii rusha diski mbili: moja kwenye mwanya ulioupenda kwa macho, moja kwenye mwanya ulio mpana zaidi hata kama unakuweka mbali na kapu. Andika ipi ilikuacha pazuri. Ukiwa huko, zitafute zile mbili ulizozipoteza. Anzia kwenye mti wa mwisho uliousikia ukigongwa na utafute karibu kuliko unavyokumbuka, chini ya majani. Diski huteleza chini yake, na ukingo tu ndio unaobaki nje.